Mbweha wa Mwinjilisti na Kupe wa Mwalimu

Niwaambie mapema msije mkahangaika kumtafuta: katika habari hii mjinga ni mimi. Kuna mwinjilisti, kuna mwalimu aliyesema hakuna Mungu, kuna na mabibi wa gulioni, na wote walirudi nyumbani na akili zao. Aliyerudi mtupu ni mmoja, na ndiye anayewaandikia.

Nawaandikia nyie vijana kwa sababu nawaona mnavyobishana dini kwenye simu. Mtu hajamaliza kusoma alichoandika mwenzake, keshamwita kafiri, punguani, mbwa. Halafu anajiona kavumbua kitu. Hongereni sana. Sisi hiyo kazi tuliifanya kwa mdomo, mlima kwa mlima, kwenye ukungu wa Lushoto unaoingia mpaka kwenye mifupa, na mtu ukimtukana unamwona usoni. Nyie mnatukanana mmelala.

Kazi yangu ilikuwa mkalimani wa mahubiri. Mhubiri anasema Kiswahili, mimi naweka Kishambaa. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa wazee wetu wengi wa juu huko Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni tu, "bei gani" na "punguza", na kwa Kiswahili hicho huwezi kuokoka. Basi nikawa mdomo. Elimu yangu darasa la saba, na hilo la saba nililimaliza kwa huruma ya mwalimu mkuu aliyechoka kuniona.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Singano, aliyewahi kuwa mpishi wa wamisheni, akaanza kutafsiri mahubiri huku mkononi ameshika mwiko. Mafundisho yake hayakuwa ya chuoni. "Simama kushoto kwa mhubiri," aliniambia, "mkono wa kulia ndio wenye Biblia, na akipata Roho atakupiga nayo." Kweli, mhubiri mmoja wa kutoka Muheza alinipiga nayo pua nikiwa upande usiofaa, na watu wakasema amina. Akanifundisha nivute pumzi wakati mhubiri anafuta jasho, na nisimtazame mtu anayelia, maana nami nitalia na kazi itasimama. La mwisho alinishika sikio ndipo akalisema: "Maneno si yako. Usiyaoshe, wala usiyatie chumvi."

Nikamwitikia, "Ndiyo, mzee." Chumvi nikaitia tangu wiki ya pili.

Siyo kwamba nilikuwa mbaya. Ukitafsiri neno kwa neno, watu wanalala. Siku moja mhubiri kasema mbwa mwitu kavaa ngozi ya kondoo. Nikatafsiri vizuri, sikuongeza kitu. Mzee mmoja akanyanyua fimbo: "Ngoja kwanza. Huyo kondoo kachunwa na nani? Mbwa mwitu ana kisu?" Mwingine akasema labda aliiokota. Wa tatu akasema ngozi haiokotwi, ngozi ina mwenyewe, hapo kuna wizi. Mhubiri amesimama, mkono hewani, anadhani watu wanaguswa. Ibada ikaishia kwenye kesi ya kondoo. Tangu siku hiyo nikajua kwamba ukisubiri maneno ya watu yafike yenyewe, hayafiki. Lazima uyasukume.

Sasa aje Mwinjilisti Zefania. Yeye alikuwa Mchaga, kaja kwetu na mke na binti akiwa bado kijana, akazeekea hapa, na Kishambaa chake kikagoma kwenye salamu. Mtu mwema, msiniulize. Akizika anachimba na wachimbaji. Lakini mpe mpinzani! Mpe mpinzani uone mtu mwingine kabisa. Alikuwa amesoma chuo cha Biblia, na huko alijifunza jinsi walimu wa kanisa la kale walivyopigana na maadui zao. Alipenda kunisimulia tukipanda mlima, mimi nimebeba taa yake na yeye kabeba maneno.

"Hosea," ananiambia, "wale wazee wa kale hawakuwa na mchezo. Mpinzani alikuwa mbweha anayeharibu mizabibu. Alikuwa nyoka. Alikuwa mbwa anayerudia matapishi yake. Wanaoabudu sanamu waliwaambia: mungu wenu panya kazaa kichwani mwake na hajui!"

"Na hao wapinzani walijibu nini, mzee?"

"Walijibu nini? Sijui. Vitabu vyao havikubaki."

Akaendelea kupanda kama mtu aliyemaliza hoja. Mimi nikasema moyoni, hii ndiyo vita tamu, unapigana na mtu ambaye kitabu chake hakikubaki.

Njia yake alinieleza waziwazi. Kwanza mpake mtu matope, ndipo umjibu. Ukimpaka vizuri, hakuna haja ya kumjibu.

Basi mwaka mmoja akaletwa kijijini kwetu Mwalimu Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, kuendesha madarasa ya watu wazima. Mrefu, mpole, shati limepigwa pasi hata siku ya matope. Huyu alikuwa katoka chuo cha siasa, na huko nako kumbe wana silaha zao. Mwinjilisti ana mbweha na nyoka, mwalimu ana kupe na mirija ya wanyonyaji. Mwinjilisti anasema mpinzani kapofushwa na shetani, mwalimu anasema mpinzani kapofushwa na kasumba. Nilikaa kwenye mkutano wake wa kwanza nikaona kama namsikia Mzee Zefania kavaa shati la pasi. Kasoro mmoja anafunga kwa amina, mwingine kwa "ujamaa, hoyee".

Akaulizwa dini yake. Akasema, "Sina. Sijaona sababu ya kuamini kwamba Mungu yupo."

 Wengi wetu Waislamu, wengine Wakristo, na wote kwa siri tuna bibi mmoja nyumbani anayemwaga pombe kidogo chini kwa ajili ya waliokufa. Mtu asiye na hata kimoja hatukuwa tumemwona. Watoto wakaja kumchungulia anapokula, kuona kama anakula kama watu.

Mwinjilisti alipopata habari alisema mbele yangu, na mbele ya mkewe, na mbele ya binti yake Salome: "Huyo hakanyagi uwanja wangu. Asiyemjua Muumba wake hapiti mlangoni kwangu."

Salome alikuwa anachambua maharage. Hakunyanyua kichwa. Lakini maharage yaliongezeka kelele kwenye ungo.

Hapo ndipo penye jambo langu. Nilikuwa namtaka Salome. Namtaka vibaya sana, mtu mzima nasahau kula viazi vikiwa mkononi. Na Salome alikuwa anasaidia kufundisha kinamama kwenye darasa la nani? La Mwalimu Maganga. Jioni wanatoka pamoja, yeye kabeba chaki, mwalimu kabeba ubao. Mimi nilishafanya yangu yote: nilipasua kuni za mama yake, nilimbebea baba yake taa, nikitafsiri natafsiri kwa sauti ya juu akiwa karibu. Nikaona imetosha, mtu mwenye macho ataona.

Mwinjilisti akampa mwalimu changamoto: siku ya gulio, mbele ya watu wote, kila mtu aseme lake. Mwalimu akakubali. Mkalimani nani? Mmoja tu. Kwa hiyo wanangu, niwekeni hapo: nasimama katikati, kulia nina baba wa msichana, kushoto nina mwanaume anayemtaka msichana, na wote wawili hawajui Kishambaa. Shetani mwenyewe asingepanga vizuri hivyo. Kama yupo. Hilo ndilo lilikuwa linajadiliwa.

Nikapanga hivi. Maneno ya mwinjilisti nitayapamba. Ya mwalimu nitayageuza matusi, yaleyale ya wazee wa kale niliyofundishwa njiani, ili kijiji kimchukie, baba akae na msimamo wake, na mimi nibaki na Salome. Vijana waliojua Kiswahili watasikia, ndiyo, lakini wao walikuwa na mazoea: walikuja mahubirini kusikia tofauti ya kilichosemwa na nilichosema mimi. Hiyo ilikuwa ndiyo sinema yetu, hawawezi kuiharibu.

Siku ya gulio ikafika. Makabichi huku, karoti huku, mama wauza matunda ya plamsi wamejipanga ukutani. Wazee wa Kiislamu walikaa kwenye benchi la fundi cherehani, wametulia, wanafurahi kama watu wanaotazama mpira ambao timu yao haichezi.

Mwinjilisti akaanza. Mbweha akatoka, nyoka akatoka, panya akazaa kichwani mwa sanamu. Nikapamba. Watu wakaitikia vizuri, siyo sana.

Mwalimu akasimama. Hakuwa na kupe hata mmoja siku hiyo. Kumbe na yeye alikuwa anatafuta baba mkwe. Akasema taratibu: "Mzee Zefania namheshimu kama mzazi. Naomba kuuliza jambo moja. Wakristo wa mwanzo kabisa, walipokataa sanamu za mji, waliitwa watu wasio na Mungu. Walipigiwa kelele barabarani kwa jina hilo. Leo jina hilo naitwa mimi. Je, waliowaita wale waliwasikiliza kwanza?"

Swali zuri. Hata mimi lilinigusa, na sikutaka liguse mtu mwingine.

Nikageukia watu, nikasema kwa Kishambaa: "Anasema huyu mzee ni mbweha aliyevaa koti. Anasema madhabahu yake ni tumbo, na kuku wenu ndio sadaka!"

 Fundi cherehani akasimamisha mguu. Nikafurahi, nikaona sasa watamla.

Mwalimu akaona wamenyamaza, akadhani wanafikiri. Akaendelea: "Mzee anawacheka wanaomwagia waliokufa pombe, kwa sababu waliokufa hawasikii. Nauliza kwa adabu, tunatumia kipimo gani kujua nani anasikia na nani hasikii? Na kama tunacho hicho kipimo, tukitumie kwa wote."

Mimi: "Anasema Mwinjilisti akiimba, ng'ombe wa bondeni wanakauka maziwa! Anasema kichwani kwake panya wamezaa, wamesomesha, wameoza na binti!"

Bibi Mwantumu, muuza viazi, mwanamke mkubwa kuliko wote gulioni, Mwislamu wa kufunga hata siku zisizofungwa, akasimama. Akaniuliza kwa sauti, "Wee Hosea! Huyu kijana mrefu ni kabila gani?"

"Mnyamwezi, bibi."

Hapo nilijikata mwenyewe. Bibi Mwantumu alipiga kigelegele kilichofika ng'ambo ya pili ya bonde. "Mnyamwezi! Jamani si mtani! Nilijua mimi! Nani mwingine angethubutu kumtukana mzee hivi akiwa kapiga pasi?"

Nyie mnaosoma mjini huenda utani mmeusikia redioni tu, kwa hiyo niwaeleze. Mtani wako anakutukana mbele ya watu, anakutukania na baba yako, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika wewe ndiye mshamba. Unacheka, na ukishacheka unatoa kitu. Usipotoa anaingia ndani kwako bila hodi, anakamata kuku, na wewe unamshukuru. Msibani ndiye anayekuchekesha huku anakushikia jembe la kaburi. Mtu wa namna hiyo siyo adui. Ni ndugu mwenye mdomo mchafu.

Na mimi, mtoto wa milimani, niliyekua naona watani wanakimbia na kuku wa babu yangu, sikulikumbuka hilo. Nilikuwa na akili nyingi mno siku hiyo.

Soko zima likaanguka kicheko. Kinamama wakamzunguka Mwalimu Maganga, wanamshika shati. "Mtani! Karibu mtani! Kuku wako hujachukua!" Mwalimu ananitazama mimi. Jamani, alisema kitu chenye "kipimo" na "kwa adabu", na watu wanajishika mbavu.

Mwinjilisti akaniuliza, "Hosea, kuna nini? Wanacheka nini?"

Nikawa bubu. Mkalimani bubu mmewahi kumwona?

Bibi Mwantumu akamjibu mwenyewe kwa Kiswahili chake cha viazi: "Mwinjilisti, mtani amekutukana! Wewe mbweha! Wewe panya kichwa, wamezaa, wameoza na binti! Cheka, baba, toa kuku!"

"Lakini mimi siyo Mshambaa," akasema Mwinjilisti.

"Umetuzikia watu wetu, unakula viazi vyetu, utakuwa nani tena? Mtani wetu ni mtani wako. Cheka!"

Mwalimu akafungua mdomo. "Samahani, mimi sijasema..."

Mwinjilisti akainua mkono, kamnyamazisha. Akamgeukia binti yake, aliyekulia na watoto wetu na kukijua Kishambaa kuliko mimi. Salome alikuwa amesimama kwenye karoti. Alikuwa amesikia yote, pande zote mbili.

"Salome. Huyu kijana kayasema hayo?"

Nikaona mwisho wangu. Akisema "hapana, baba," kazi imekwisha, jina limekwisha, na baba yake hanitazami tena. Salome akanitazama mimi. Halafu akamtazama mwalimu kwa muda mrefu zaidi, nikajua sasa nakufa. Halafu akasema, sauti imetulia kama maji ya mtungini:

"Ndiyo, baba. Kasema hivyohivyo. Ndiyo utani wao."

Mwalimu akamtazama Salome. Akafunga mdomo. Mtu aliyekuwa hakubali lolote bila ushahidi, siku hiyo aliamini bila kuuliza hata swali moja.

Mwinjilisti alisimama. Alikuwa na njia mbili: akasirike mbele ya kijiji kizima awe mgeni tena kama siku aliyofika, au acheke. Midomo ilitetemeka kidogo, nikadhani ni hasira, kumbe kicheko kinatafuta njia, hakijapita siku nyingi. "Panya wamezaa," akasema, "na wameoza?" Akacheka mpaka akaivua miwani.

Kinamama hawakungoja. Walimsukuma mwalimu mlimani mpaka nyumbani kwa Mwinjilisti, wakampitisha kwenye ule uwanja ambao hakanyagi asiyemjua Muumba wake, wakamwingiza mlangoni bila hodi, kama desturi inavyotaka. Alikamata kuku kwa shida, shati la pasi likachafuka. Mwinjilisti akasema kuku haliwi mbichi. Mkewe akampika. Salome akamnawisha mwalimu mikono. Mimi nilikaa karibu na kuni nilizopasua mwenyewe, nikaletewa shingo.

Usiku, njiani, mwalimu alinishika bega. "Ahsante, ndugu yangu. Umenitafsiria vizuri sana. Sijawahi kueleweka hivi."

Nikamwambia karibu.

Tangu siku hiyo akawa anaingia pale kila akitaka. Mtani hazuiwi. Yeye na Mwinjilisti wakabishana Mungu yupo au hayupo jioni nzima, bila mbweha wala kupe, maana ukishakula kuku wa mtu inakuwa vigumu kumwita nyoka. Hakuna aliyemshinda mwenzake. Mwinjilisti alikufa anaamini, na Maganga mpaka leo anasema hajaona sababu. Aliyeshika jembe kwenye kaburi la mzee tangu mwanzo mpaka mwisho ni Maganga, anatukana marehemu huku machozi yanamtoka.

Lakini nimeruka. Ndoa ya Maganga na Salome ilifungwa bomani Lushoto. Mwinjilisti alisema hatakanyaga bomani, akakanyaga, kwa koti lake lilelile la mahubiri. Karamu ikawa nyumbani, na mkalimani wa hotuba nani? Mnamjua. Nikatafsiri hotuba ya baba, nikatafsiri shukrani za bwana harusi, neno kwa neno, bila chumvi. Watu wakasema leo Hosea kapoa, anaumwa?

Nilipokaa, Salome akaniletea sahani ya pilau mwenyewe, kanga mpya, mikono imepakwa hina na kina Bibi Mwantumu. Nikaona hapa ndipo mahali pa kuwa mwanaume. Nikamwambia polepole, "Salome, siku ile gulioni. Unajua kwa nini nilisema yale."

"Najua," akasema. "Nilijua tangu kuni."

"Sasa mbona hukuniambia kwamba unajua?"

Akaiweka sahani mbele yangu, akainyoosha ikae sawa.

"Kaka Hosea, ulikuja kwetu mwaka mzima, ukaongea kuliko watu wote, na hukuniambia neno. Ulikuwa unamngoja nani aseme, ndipo wewe utafsiri?"